Maji Safi Kabisa: Mwongozo kwa Mtumishi Mpya Aliyepangiwa Meru

Kama wewe ni mwalimu, muuguzi au ofisa ugani uliyepelekwa kwenye vijiji vya miteremko ya Mlima Meru, huko kati ya Usa River, Maji ya Chai na Ngarenanyuki, wenzako waliotupwa kwenye vumbi wana haki ya kukuonea wivu. Kuna migomba, kuna maziwa, kuna ubaridi wa asubuhi. Zaidi ya yote kuna bomba, na si lile la kwenye ramani ya mradi. Liko uani kwa mwenye nyumba wako, na likifunguliwa linatoa maji maangavu, baridi, yasiyo na harufu wala chembe. Mwongozo huu umeandikwa ili uishi vizuri na maji hayo, hasa kama godoro lako limeshushwa kwenye Hiace pamoja na mtoto wa miaka miwili.

Anza na ukaguzi. Mimina maji kwenye glasi, inua kwenye mwanga wa dirisha, tikisa kichwa kwa kuridhika, kunywa. Ukaguzi umekwisha. Kama hivyo ndivyo ulivyofundishwa kwenu, hukufundishwa vibaya, maana maji ya tope, maji yanayonuka na maji yenye kutu ya bomba lililozeeka hujitangaza yenyewe. Hata vijidudu vya kipindupindu na homa ya matumbo, ingawa havionekani kwa macho, vina adabu ya kutoa taarifa mapema: utaharisha, utapelekwa zahanati, mtaa mzima utajua. Floraidi haina adabu hiyo. Haina rangi, haina harufu, na kwa kiasi kinachopatikana kwenye mabomba ya huku haina hata ladha. Taarifa yake hufika baada ya miaka kadhaa, siku mwanao anapong'oka meno ya utoto na ya kudumu kuanza kuchomoza.

Ukionekana unasita na glasi mkononi, mama mwenye nyumba atakuletea ushahidi zaidi.

"Mwalimu, haya ni maji ya mlimani. Hebu shika sabuni uone."

Utashika, na povu litajaa beseni. Kama umetoka sehemu za maji magumu, ambako sabuni hugoma na shati jeupe hugeuka kijivu baada ya kufuliwa mara chache, utahisi umefika peponi. Kisha atakufungulia birika lake, lililochemsha chai kwa miaka, ndani safi, bila magamba meupe unayoyajua wewe. Mama wa watu hadanganyi. Anachokuonyesha ni kweli tupu, ila ni ushahidi wa upande wa mashtaka.

Maji huwa magumu kwa sababu ya kalsiamu, na kalsiamu ndiyo inayoua povu na kujenga magamba kwenye birika. Lakini ndiyo hiyohiyo inayoikamata floraidi ardhini na kuigandisha iwe madini yasiyoyeyuka kwa urahisi. Miamba na majivu yaliyotemwa na volkano ya Meru yana floraidi nyingi, yana magadi mengi, na kalsiamu yake ni haba. Mvua inayonyesha mlimani hupenya humo polepole, hubeba floraidi, na njiani haikutani na chochote cha kuipokonya mzigo. Kwa hiyo povu jingi na birika safi, sifa ambazo mwenye nyumba wako anazitaja kwa fahari, ni dalili za maji yaliyostahili kupimwa kabla ya kusifiwa.

Mgeni mwingine huingiwa na hofu kwa sababu isiyo sahihi. Anaona mto wa Maji ya Chai ulivyo na rangi yake, anaapa hatagusa tone, anakimbilia bombani. Mto huo umeshapimwa na kukutwa na floraidi ya zaidi ya miligramu 10 kwa lita, hivyo kuukimbia ni busara. Kosa ni kudhani kwamba rangi ndiyo iliyomwonya. Ukiichuja rangi yote mpaka maji yameremete, floraidi itabaki palepale, na bomba analolikimbilia huenda linatoka kwenye mwamba uleule.

Siku ya Jumapili ukipata nafasi, ingia Hifadhi ya Taifa ya Arusha utazame flamingo kwenye maziwa ya Momella. Maji wanayosimama ndani yake yana floraidi ya mamia ya miligramu kwa lita, na ndege wana afya njema. Usilitumie hilo kama hoja. Flamingo hawana meno.

ADABU ZA DARASANI

Utakapoingia darasani kwa mara ya kwanza na kusema jambo la kuchekesha, utaona baadhi ya watoto wanacheka huku wamefunika mdomo kwa kiganja. Wengine hawafuniki, nawe utaona meno yenye michirizi myeupe isiyong'aa, mengine ya manjano, mengine ya kahawia iliyoiva, na hapa na pale jino lililomeguka ukingoni au lenye vishimo.

Kosa wanalolifanya watumishi wapya, tena kwa moyo mweupe, ni kuhubiri mswaki. Mwalimu anamsimamisha mtoto mbele ya wenzake na kumwuliza mara ya mwisho alipiga mswaki lini. Muuguzi anaandaa somo la usafi wa kinywa na kuchora jino linalotabasamu kwenye karatasi kubwa. Mtumishi kutoka Dar es Salaam anamnong'oneza mwenzake kwamba watu wa huku ni wavivu wa kusukutua. Yule mtoto aliyesimamishwa amepiga mswaki leo asubuhi. Angeweza kupiga mswaki mchana kutwa, na jioni doa lingekuwa palepale, kwa sababu doa hilo halikupakwa juu ya jino. Jino lenyewe lilijengwa hivyo.

Jino la kudumu huanza kujengwa ndani ya taya miaka mingi kabla halijaonekana. Gamba lake la nje, enameli, hukamilika likiwa bado limefichwa na ufizi, na kwa meno ya mbele, yale ya kuchekea, kipindi cha hatari zaidi ni kati ya mwaka wa kwanza na wa tatu wa maisha. Mengine huendelea kujengwa hadi mtoto afikishe miaka 8 hivi. Mtoto akinywa floraidi nyingi kipindi hicho, enameli hukomaa vibaya na kubaki na vitundu vidogo mno. Jino likishachomoza, vitundu hivyo hunyonya rangi ya vyakula na vinywaji mpaka jino liwe la kahawia. Penye floraidi nyingi zaidi, enameli huwa dhaifu kiasi cha kumeguka.

Kwa maana hiyo wewe mwenyewe, mtu mzima wa miaka 28, unaweza kunywa maji ya hapa miaka kadhaa na kurudi kwenu na tabasamu lilelile uliloondoka nalo. Meno yako yalishajengwa kwenye maji mengine. Ndiyo maana watumishi wengi huishi huku, huhamishwa, na huondoka na ushuhuda kwamba "mbona mimi nilikunywa na sikupata chochote". Aliyepata ni yule wa miaka miwili aliyekuwa anapewa uji uani, na alipata bila kelele. Ukimleta mtoto wa miaka 10 huna wasiwasi mkubwa wa meno. Ukizaa hapa, umeingia kwenye hesabu.

Tafadhali usimwulize mzee wa hapa kama ni ugoro au sigara. Na usimpeleke mwanafunzi kwa mtu anayesugua meno kwa mchanga, mkaa au limau, kwa sababu atarudishiwa jino jembamba lenye doa lilelile. Daktari wa meno anaweza kufunika au kupunguza doa kwa vifaa vyake na kwa bei yake. Anayeweza kulifuta kwa dawa ya elfu moja sokoni ni mwongo.

Meno ndiyo yanayozungumzwa kwa sababu yanaonekana. Palipo na floraidi nyingi kwa miaka mingi, hujikusanya pia kwenye mifupa. Miguu ya watoto hupinda, magoti hugongana, na kwa watu wazima viungo huuma na mgongo hukakamaa. Si kila mguu uliopinda ni wa floraidi, maana lishe nayo ina sehemu yake. Lakini ukiona kaya kadhaa za chanzo kimoja cha maji zina watoto wenye miguu ya namna hiyo, usiharakishe kuwalaumu mababu.

KUHUSU SHEREHE ZA UZINDUZI

Baada ya muda utaalikwa kwenye uzinduzi wa bomba jipya. Kutakuwa na turubai, kwaya, ngoma, na risala itakayorudia mara kadhaa kwamba sasa tumemtua mama ndoo kichwani. Hilo si jambo la kubezwa. Anayelibeza hajawahi kubeba dumu la lita 20 kupandisha kilima akiwa mjamzito. Mgeni rasmi atakata utepe, atafungua bomba, atajaza glasi na kuinywa mbele ya kamera. Makofi. Glasi hiyo haimdhuru mgeni rasmi hata kidogo, hata kama ina miligramu 10 kwa lita. Anayestahili kupigwa picha akinywa ni mtoto wa chekechea, kila siku, kwa miaka mitano, halafu arudishwe mbele ya kamera acheke.

Kama unadhani bomba jipya haliwezi kuleta ugonjwa mpya, nenda mpaka Idaho, Marekani, mwaka 1923. Katika mji mdogo wa Oakley wazazi walianza kuona madoa ya ajabu kwenye meno ya watoto wao. Wakamwita daktari wa meno Frederick McKay, aliyekuwa anaufuatilia ugonjwa huo tangu afike Colorado Springs mwaka 1901 na kuukuta umejaa kwenye vinywa vya wenyeji. Watu wa Oakley walimweleza kwamba madoa yalianza baada ya mji kuvuta bomba la jumuiya kutoka chemchemi ya maji ya uvuguvugu iliyokuwa maili 5 kutoka hapo. McKay akayapima maji na hakuona kitu cha kutilia shaka, kwa sababu vipimo vya wakati huo havikujua kutafuta floraidi. Hata hivyo akawashauri waliache bomba hilo na kutumia chemchemi nyingine ya jirani. Wakakubali. Miaka michache baadaye watoto wadogo wa Oakley walianza kuota meno ya kudumu yasiyo na doa.

Kisababishi chenyewe kilijulikana mwaka 1931. Mkemia H. V. Churchill wa kampuni ya alumini ya ALCOA alipima maji ya Bauxite, mji wa kampuni hiyo huko Arkansas, na kukuta floraidi ya miligramu 13.7 kwa lita. Kipimo kilimshangaza kiasi kwamba aliagiza sampuli nyingine na kurudia. Kwa viwango vya Ngarenanyuki, angezoea.

Kinachonipendeza katika habari hii ni mpangilio wa mambo. Oakley walibadili chanzo kwanza, sayansi ikafuata baadaye. Hawakuwaambia akina mama kila mmoja atafute namna yake jikoni.

Huko Marekani hadithi iligeuka: baada ya kugundua kwamba floraidi kidogo hukinga meno yasitoboke, mwaka 1945 mji wa Grand Rapids ulianza kuiongeza kwenye maji yake kwa makusudi, na miji mingi ikafuata. Siku hizi kiasi kinachopendekezwa huko ni miligramu 0.7 kwa lita. Ukikutana mtandaoni na mzungu anayelalamika kwamba serikali yake inamwekea floraidi kwenye bomba, usigombane naye. Mpe pole, mwalike Meru.

JINSI MAJI YANAVYOFAULU MTIHANI

Usije ukadhani wakubwa hawajui. Wamejua siku nyingi, na wakati fulani walichukua hatua ambayo wewe mwalimu utaielewa haraka kuliko mtu yeyote. Mwanafunzi akifeli kuna njia mbili: kumfundisha, au kushusha alama za ufaulu. Shirika la Afya Duniani liliweka kikomo cha miligramu 1.5 kwa lita mwaka 1984. Tanzania tayari ilikuwa na kiwango chake cha muda cha maji ya vijijini, kilichowekwa mwaka 1974: miligramu 8. Chini ya kiwango hicho, chanzo kilichoweza kutia doa kinywa cha kijiji kizima kilikuwa kimefaulu, tena kwa nafasi ya kupumua.

Tuwe waungwana. Ile 8 haikuwa dhihaka tupu. Katika maeneo mengi ya ukanda wa bonde la ufa hapakuwa na maji mengine karibu. Kukifunga kisima chenye miligramu 6 kwa jina la meno kungewarudisha watu kwenye madimbwi ya ng'ombe, na madimbwi huua mtoto ndani ya wiki. Waliochagua 8 walikuwa wanachagua kati ya madhara mawili. Tatizo ni neno "muda", ambalo katika ofisi zetu lina umri mrefu. Kiwango kilikuja kushushwa hadi 4, na mwaka 2018 Shirika la Viwango Tanzania likakifikisha 1.5, sawa na kikomo cha Shirika la Afya Duniani.

Hivyo basi, kwa kalamu moja, mabomba mengi yaliyokuwa salama Ijumaa yakawa si salama Jumatatu, bila tone lolote kubadilika. Ndiyo maana ukiambiwa kwamba maji ya kijiji "yamepimwa na yako ndani ya kiwango", swali la kiungwana ni: kiwango cha mwaka gani?

UFUNDI WA JIKONI

Hapa ndipo mgeni mwenye elimu hujimaliza. Amesikia maji yana tatizo, naye anajua dawa ya maji tangu darasa la tatu: kuchemsha. Anayachemsha, tena kwa bidii, anaacha sufuria kwenye mkaa mpaka yapungue, kwa imani kwamba kinachochemka sana husafika sana. Kinachopaa ni maji peke yake. Chukua lita 4 zenye miligramu 3 kwa kila lita, zichemshe mpaka zibaki 2, na utakuwa umetengeneza, kwa mkaa wako mwenyewe, maji yenye miligramu 6 kwa lita.

Usinielewe vibaya ukaacha kuchemsha. Vijidudu vipo, mabomba ya mgao hufyonza uchafu kwenye nyufa zake pale maji yanapokatika, na kuhara kwa mtoto hakungoji miaka 7. Chemsha mpaka yatokote, epua, funika. Au tia dawa ya klorini. Jua tu kwamba klorini haiigusi floraidi, wala kitambaa cha kuchujia, wala kuyalaza maji kwenye ndoo usiku kucha, wala chujio la kauri la mezani, wala tanki jipya la plastiki juu ya mnara. Friji huyafanya yawe baridi.

Halafu kuna magadi. Utapikiwa kiburu, utapikiwa makande, na utasifia jinsi maharage yalivyoiva laini. Yameivishwa na magadi, na magadi ya ukanda huu yana floraidi yake. Miaka ya 1990 watafiti wa meno walikuta madoa kwa watoto wa maeneo ambayo maji yake yalikuwa na floraidi kidogo tu, na macho yao yakageukia chungu. Majani ya chai nayo huchangia. Mmea wa chai huikusanya floraidi kutoka udongoni na kuitoa kwenye birika. Sasa piga hesabu ya mtoto anayekunywa maji ya bomba, uji wa maji ya bomba, chai iliyochemka tangu alfajiri, na makande ya magadi, kisha anameza dawa ya meno kwa sababu ina ladha ya stroberi. Mpikie maharage yaliyolowekwa tangu jana badala ya magadi, mtilie dawa ya meno ya ukubwa wa punje ya mchele, mfundishe kutema. Kwa maziwa hana shida: maziwa ya ng'ombe yana floraidi kidogo sana, kwa kuwa mwili wa ng'ombe huiweka kwenye mifupa yake.

Mifupa hiyo, kwa njia, ndiyo dawa. Katika kituo cha utafiti cha Ngurdoto, ambacho Wizara ya Maji ilikianzisha mahsusi kwa balaa hili, wataalamu walishughulika miaka mingi na mkaa wa mifupa ya ng'ombe. Mifupa huchomwa kwenye tanuri lenye hewa kidogo, husagwa, hujazwa kwenye ndoo au tanki, na maji yakipita katikati yake floraidi hunaswa. Kenya nako, Dayosisi Katoliki ya Nakuru imeifanya kazi hiyo kwa miaka mingi. Uchomaji una ufundi wake: ukiuchoma kidogo, maji yatanuka mfupa na familia itakususia, ukiuchoma kupita kiasi unageuka mweupe na kupoteza nguvu. Na hata ukiwa mzuri, mkaa huchoka. Siku uliyochoka hautoi ishara. Maji yanaendelea kutoka maangavu, mama anaendelea kumjazia mtoto kikombe kwa amani, na anayeweza kugundua ni mtu mwenye kipimo tu. Nimeona ndoo za namna hiyo zikitunzwa kwa heshima kubwa sebuleni, zimefunikwa kitambaa cha kufuma, bila mtu anayekumbuka mkaa wake ulibadilishwa lini.

Kuna njia ya kutumia shabu na chokaa, iliyopewa jina la Nalgonda, wilaya moja ya India yenye msiba kama wetu. Inahitaji mtu wa kupima, kukoroga na kumwaga tope kila siku. Kuna chujio la mchanga lililoongezewa chembechembe ndogo mno za kunasa uchafu, alilolibuni Askwar Hilonga wa Taasisi ya Nelson Mandela pale Arusha, lililompatia mwaka 2015 tuzo ya Afrika ya ubunifu wa kihandisi inayotolewa na Akademia ya Kifalme ya Uhandisi ya Uingereza. Kuna maji ya chupa, kama mshahara umeingia, na lebo isomwe badala ya kutazamwa picha ya mlima.

Na kuna bati. Maji ya mvua yana floraidi karibu na sifuri. Weka mfereji kwenye paa, acha mvua ya kwanza ioshe vumbi na kinyesi cha ndege, kisha kinga. Masika yakikupa tanki moja la kuhifadhi, usilitumie kuoshea miguu wala kufulia sare. Hilo ni la kinywa cha mtoto: maji ya kunywa, uji na chai yake. Povu la mwenye nyumba lifue nguo. Mvua ikiwa haba, changanya. Ndoo moja ya bomba yenye miligramu 6 kwa lita, ukiiongezea ndoo 3 za mvua, inakuwa 1.5. Hiyo ni hesabu ya darasa la sita, ila inahitaji ujue ile 6, na hapo ndipo kazi yako ya mwisho ilipo.

MKUTANO WA WATUMIA MAJI

Utaitwa kwenye mkutano wa jumuiya ya watumia maji, pengine na mtu wa RUWASA, wakala wa maji vijijini ulioanzishwa mwaka 2019, akiwa meza kuu. Mkutano wa saa nne huanza saa sita, kwa hiyo nenda umekula. Watu watajadili bei ya dumu, watajadili aliyechezea mita, watajadili ng'ombe wa nani alivunja bomba. Yote hayo ni halali. Ubora wa maji utafika kwenye "mengineyo", wakati wazee wameshaanza kutafuta fimbo zao.

Hapo nyoosha mkono. Salimia kwanza, shikamooni wazee, pongeza kamati, maana mgeni anayeanza na lawama hupewa jibu moja tu: kwenu mnakunywa nini? Kisha uliza mambo yanayojibika kwa namba. Floraidi ya chanzo hiki ni miligramu ngapi kwa lita? Sampuli ilichukuliwa lini, kiangazi au masika? Ilichukuliwa kwenye chanzo au bombani? Ukijibiwa kwamba maji ni salama, shukuru, andika, uliza tena. Ukijibiwa kwamba kisima cha jirani kilipimwa kikawa kizuri, kumbuka kwamba kwenye miteremko hii chemchemi mbili zinazoonana zinaweza kutofautiana kabisa, na kwamba kuchimba kirefu zaidi si dawa, kwa kuwa maji yaliyokaa muda mrefu kwenye mwamba hubeba zaidi. Kama hakuna karatasi, jitolee kupeleka sampuli kwenye maabara ya ubora wa maji ya wizara. Tumia chupa ya plastiki iliyosuuzwa kwa maji yaleyale. Ya kioo iache, maana floraidi hushikana na kioo na kukupotezea kipimo. Bandika jina la chanzo na tarehe.

Namba ikirudi chini ya 1.5, isomeni kwenye mkutano ujao na mwendelee na kesi ya ng'ombe. Ikirudi juu, kutatokea mtu mwema, mara nyingi mwenye mradi na fulana za kugawa, atakayependekeza kila kaya ipewe ndoo ya kuchujia na semina ya siku mbili. Pokeeni ndoo, zitasaidia walio na watoto wachanga wakati wa kusubiri. Lakini kwenye muhtasari hakikisha pameandikwa pia ombi la chanzo kingine, cha juu zaidi mlimani au cha kuchanganya na hiki, pamoja na makadirio ya bomba lake. La sivyo yule mama aliyetuliwa ndoo kichwani atakuwa amekabidhiwa nyingine ya kusimamia jikoni, yenye mifupa ndani, na siku mkaa ukichoka ataambiwa ni yeye aliyesahau kuubadilisha.

Muhtasari uombe nakala yenye mhuri.